Ufunguo Kwenye Vali

Siku ya nne, boti ilikuwa bado inanuka mpira ulioungua.

Inspekta alisimama kwenye ngazi ya kushukia ndani, akalipumzisha goti lake la kulia, akavuta harufu kwa makini. Kulikuwa na dizeli, sabuni ya kufulia, vitunguu vilivyoning'inizwa kwenye wavu juu ya jiko. Chini ya hayo yote kulikuwa na mpira. Alhamisi alipofika hapa mara ya kwanza, maiti ilikuwa imelazwa gatini na watu watano walikuwa wakisema kwa pamoja. Harufu aliisikia, akaiandika kwenye kijitabu chake, kisha akaipita. Jana usiku, akisoma tena kijitabu kile, aliliona neno hilo limekaa peke yake kwenye mstari, halina jibu. Kosa lilikuwa lake na hakuwa na wa kumsukumia.

"Afande," koplo aliita kutoka juu, "hii kitu huwa inatulia kweli?"

"Imefungwa gatini, koplo."

"Najua imefungwa. Iambie na yenyewe."

Aliyefariki alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa miaka sitini na mitatu. Yeye na mkewe, aliyewahi kuwa muuguzi, waliuza vitu vya nyumbani miaka kumi na moja iliyopita, wakanunua boti hii ya matanga yenye mlingoti mmoja, na tangu hapo walikuwa wakizunguka kwenye mikono ya bahari na mifereji ya pwani, mwezi hapa, mwezi kule. Wiki mbili zilizopita waliifunga kwenye gati la kiwanda kilichokufa, mahali pasipopita mtu, ili wapake rangi na kurekebisha pampu ya kutoa maji yanayoingia ndani ya boti. Alhamisi saa tatu asubuhi mke alikwenda mjini na nguo za kufua. Aliporudi saa tisa alasiri alimkuta mumewe majini, kati ya boti na nguzo za gati. Daktari alisema mbavu saba zilivunjika, kichwa kilipasuka upande mmoja, na kifo kilitokea kati ya saa nne na saa saba.

Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba mke alikuwa mjini kutwa. Mhudumu wa duka la kufulia alimkumbuka sura, saa hakuikumbuka. Kisha mdogo wa marehemu akaandikisha maelezo kwamba wanandoa hao walikuwa hawaelewani, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameonana na kaka yake kwa miezi miwili. Mjane alikuwa mahabusu tangu Jumamosi jioni. Leo saa kumi muda wa kumshikilia ulikuwa unakwisha, na mkuu wa kituo alikuwa ameshasema anataka hati ya mashtaka mezani kabla ya hapo.

"Huyu mzee alikuwa mtu wa kuudhi," sauti ilisema kutoka chini ya sakafu.

Aliyesema ni fundi wa injini za boti, ambaye yadi nzima ilimwita Spana. Miguu yake tu ndiyo ilionekana. Kiwiliwili kilikuwa kimezama kwenye shimo la injini, na taa kaishika kwa meno kila alipohitaji mikono yote miwili.

"Kwa nini?"

"Kila nati ameichora mstari wa rangi. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika, unaona. Mtu wa namna hii hakuachii kosa, na wala hakuachii kazi. Angekuwa mteja wangu ningekufa njaa."

"Injini ilizimwa lini?"

"Hilo muulize daftari lako."

Daftari lilikuwa mezani. Kila injini ilipozimwa, mmoja wao aliandika tarehe, mahali, na namba iliyosomwa kwenye kipima saa cha injini. Mwandiko wa mume ulisimama wima, wa mke ulilala. Miaka kumi na moja, na Inspekta hakuwa ameona hata siku moja iliyorukwa. Mstari wa mwisho uliandikwa na mume siku walipofika kwenye gati hili: 2314.6.

Alichuchumaa mbele ya kipima saa, goti likalalamika. Alisoma namba, akafuta kioo kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Koplo. Soma hapa, useme kwa sauti."

Koplo alishuka akijishikilia kila alipopata pa kushika. "Elfu mbili mia tatu kumi na nne, nukta nane."

"Na daftari?"

"Nukta sita." Alifikiri. "Mbili za kumi za saa. Dakika kumi na mbili."

"Dakika kumi na mbili ambazo hakuna aliyeziandika."

"Mkewe ndiye aliyewasha. Alimgonga mzee, akataka kukimbia na boti, akaghairi."

"Inawezekana. Spana, umepata nini?"

Mkono mweusi wa grisi ulitokea shimoni ukiwa umeshika kijigurudumu cha mpira, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Kilitakiwa kuwa na meno sita. Kilikuwa na mawili, na yote mawili yamejikunja kama ngozi ya samaki iliyosahauliwa kikaangoni.

"Hii ndiyo inayovuta maji ya bahari kuipoza injini," Spana alisema huku akijitoa shimoni kwa awamu, kama mtu anayevuka ukuta. "Bila maji inaungua dakika ya kwanza tu. Halafu king'ora kinaanza. Bomba la moshi nalo limeyeyuka. Injini imekwenda mpaka ikajifia yenyewe. Aliyeiwasha hakufungua vali ya maji."

"Vali iko wapi?"

Alimulika. Chini kabisa, kando ya ukuta wa boti, kulikuwa na vali ya shaba yenye mkono mwekundu uliolala. Imefungwa. Juu ya mkono huo, kwa kitanzi cha kamba, ulining'inia ufunguo wa injini wenye kipande cha kizibo, ili uelee ukianguka majini.

Koplo alicheka kidogo. "Ufunguo nao wanauweka shimoni. Hakuna msumari humu?"

"Hiyo si kukosa msumari, kaka," Spana alisema. "Wanaoishi majini wengi hufanya hivyo. Ukifunga vali, unatundika ufunguo juu yake. Kesho ukitaka kuwasha, lazima uje kwenye vali kuchukua ufunguo. Ukifika hapo, mkono wenyewe unafungua. Huwezi kusahau hata ukiwa umelewa."

Inspekta alitoa picha za Alhamisi kutoka kwenye bahasha. Picha ya kumi na tisa: vali, mkono mwekundu umelala, ufunguo juu yake. Mpiga picha wa kituo alikuwa amepiga kila kitu bila kujua anapiga nini, na kwa hilo Inspekta alimshukuru kimoyomoyo.

"Basi," alisema taratibu, akiwaangalia wote wawili, "injini imewashwa huku ufunguo wake umetundikwa hapa."

"Aliutumia, akaurudisha," koplo alisema.

"Aliuchukua kwenye vali, akaiona vali imefungwa, akaiacha hivyo, akaiunguza injini ya nyumba yake huku king'ora kinampigia kelele, halafu akarudi kuutundika?"

Uso wa koplo ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya majani mabichi.

"Nenda juu ukapate hewa," Inspekta alimwambia. "Na usiegemee usukani."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na feni iliyozunguka bila kumpoza mtu. Mjane aliletwa akiwa amevaa nguo zile zile za Alhamisi. Viganja vyake vilikuwa na mikwaruzo mirefu iliyoanza kukauka. Koplo alikuwa ameiandika mikwaruzo hiyo kama dalili ya mapambano. Daktari alitoa humo vipande vya makome. Mwanamke huyu alikuwa ameipapasa nguzo ya gati kwa mikono mitupu akimvuta mumewe.

"Mama, sina mengi," Inspekta alisema. "Boti yako ina funguo ngapi za injini?"

Mjane alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Mbili."

"Mmoja uko kwenye vali. Wa pili?"

"Kwa shemeji yangu. Tulipoanza safari, mume wangu aliweka ufunguo mmoja kwenye bahasha pamoja na nakala za vitambulisho na karatasi za boti. Akasema tukizama, angalau mtu mmoja nchi kavu ajue sisi ni nani." Midomo yake ilisogea, haikufika kwenye tabasamu. "Alipenda mambo ya bahasha."

"Injini mliiwasha Alhamisi?"

"Pampu ilikuwa bado, hatukuwa na safari. Hatukuwasha tangu tufike."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Miaka kumi na moja, Inspekta, ndani ya chumba chenye urefu wa hatua tisa. Tuligombana kuhusu kijiko. Tuligombana kuhusu nani kaacha tochi inawaka. Nani kakwambia?"

Inspekta alifungua mfuko wa ushahidi, akauweka mezani bila kukitoa kilichomo. Kilikuwa kipande cha kamba ya buluu chenye fundo. Alhamisi aliona kwamba kamba ya mbele ya boti ilikuwa imefungwa kwa namna moja na ya nyuma kwa namna nyingine, akaikata ya nyuma pande zote mbili ili fundo libaki lilivyo. Mikono yake ilikuwa imezoea kufanya hivyo kabla kichwa hakijatoa sababu.

"Hili ni fundo la nani?"

Mjane aliinama. Mizunguko mitatu, ncha imerudishwa chini na kukazwa mara mbili.

"Si letu," alisema. "Hilo ukilikaza, maji yakijaa, hulifungui mpaka kisu. Mume wangu angeona fundo kama hili kwenye boti yake asingelala." Kisha akauliza, "Lilikuwa wapi?"

"Nyuma."

Alirudi kwenye kiti, akatazama viganja vyake. Inspekta aliona kwamba alikuwa ameanza kuhesabu mwenyewe.

*

Saa saba na robo walifika nyumbani kwa shemeji. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, safi kupita kawaida, na kamba ya nguo iliyojaa mashuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mashuka matupu. Mwenye nyumba alikuwa mwembamba, miaka hamsini na kitu, macho mekundu kwa usingizi uliokatwakatwa. Aliwakaribisha kwa sauti ya chini.

"Mama amelala. Karibuni, ila tuongee polepole."

Kutoka chumba cha ndani sauti kavu ya kizee iliita, "Umekuja?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe najua. Mkubwa amekuja?"

"Bado, mama." Aliwageukia. "Hajui. Nimemwambia mara mbili, amesahau mara mbili. Sasa nimeacha."

Inspekta alimpa pole. Alikaa, kwa sababu ya goti na kwa sababu kutokea kwenye kiti kile mlango wa chumba cha ndani ulionekana wote.

"Tunatafuta karatasi za boti," alisema. "Tumeambiwa kaka yako alikuachia bahasha."

"Ndiyo, ipo." Alijibu haraka, akaenda kabatini, akarudi nayo. Bahasha ya kaki, gundi yake imefunikwa kwa utepe, na juu ya utepe sahihi iliyosimama wima. Utepe ulikuwa umekatwa kwa wembe, umenyooka. "Niliifungua Ijumaa. Nilihitaji kitambulisho chake kwa ajili ya kibali cha mazishi."

Lilikuwa jibu zuri. Ofisi ya vibali ilikuwa kweli imepokea nakala hiyo Ijumaa, koplo alikuwa ameona mhuri. Inspekta alimimina vilivyomo mezani, akavitenganisha kwa ncha ya kalamu: nakala, karatasi za boti zilizokunjwa mara nne, na ufunguo wenye kibao cha mbao.

"Huu ndio ufunguo wa akiba?"

"Huo huo. Haujatoka humo tangu siku ile."

Koplo alimwangalia Inspekta. Alionekana kama mtu ambaye basi limemwacha. Ufunguo ulikuwapo, bahasha ilikuwa na sababu ya kufunguliwa, na saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

"Kijana," sauti ya ndani iliita tena. "Niinue."

"Samahani," mwenye nyumba alisema, akaenda.

Inspekta alimtazama kupitia mlango. Alimwona akimpa mama yake mwisho wa kamba iliyofungwa kwenye chuma cha kitanda, upande wa miguu, ili ajivute mwenyewe huku yeye akimsukuma mgongo. Alifanya hivyo kwa utaratibu wa mtu aliyefanya jambo moja mara elfu kadhaa. Kizee alivuta. Kamba ilikaza. Fundo halikusogea.

Inspekta aliinuka, akaenda mpaka kizingitini, akasimama.

Mizunguko mitatu. Ncha imerudishwa chini na kukazwa mara mbili.

"Hili fundo umejifunzia wapi?" aliuliza.

"Hili?" Mwanamume alikuwa akipanga mto. "La kwangu tu. Mengine yote yalikuwa yanafunguka, mama anaanguka. Hili halifunguki."

"Ndiyo. Ilibidi nilikate."

Alitoa mfuko mkobani, akauinua kimo cha kifua. Mwanamume alitazama kamba ya buluu, akatazama kamba ya kitanda, kisha akamalizia kuupanga mto. Alimfunika mama yake miguu. Alipotoka aliuvuta mlango mpaka ukabaki upenyo mdogo.

"Naweza kukaa?"

"Ni nyumba yako. Huna lazima ya kusema lolote, na utakachosema kitaandikwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Alikaa. Koplo alifungua kijitabu.

"Nilikwenda kumrudishia bahasha," alianza. "Basi. Sikwenda kwa ubaya. Miaka kumi na moja mimi ndiye namgeuza mama, mimi ndiye nafua, na yeye kila mwezi ananipigia simu kunieleza samaki aliowaona. Mwezi uliopita nikamwomba wiki moja. Wiki moja tu, nilale. Akasema pampu. Pampu ya boti, afande. Nikasema basi, chukua bahasha yako, ukizama utafute mtu mwingine wa kukutambua."

"Mlikuwa wapi?"

"Mimi gatini, yeye kwenye boti. Hakutaka kuipokea. Akanishika mkono, anasema mdogo wangu ngoja, ngoja kwanza. Nikauvuta mkono. Alikuwa ameniegemea. Akaangukia kati ya boti na gati. Upepo ulikuwa unaisukumia boti kwenye gati. Nilisukuma kwa miguu, kwa mgongo. Ni kama kusukuma nyumba. Alikuwa bado anaongea."

"Ufunguo ulikuwa nao."

"Nilikuwa nimeutoa kumwonyesha. Nikafungua kamba ya nyuma, nikaenda kuwasha. Iliwaka mara moja. Ikasogea hivi," alionyesha urefu wa mkono, "na mimi niko kwenye usukani, simfikii. Nikikimbia kwake, boti inarudi. Nikirudi kwenye usukani, inasogea. Halafu ikaanza kupiga kelele ile. Moshi. Sikujua ni nini. Ikazima, na upepo ukairudisha yote."

Nje mashuka yalikuwa yakipigapiga ukuta.

"Dakika kumi na mbili," Inspekta alisema.

"Sijui. Wewe unajua."

"Kisha ukaifunga kamba."

"Alikuwa ameshanyamaza. Nikafikiri ni nani atamlisha mama leo. Nikaifunga, nikachukua ufunguo na bahasha, nikaondoka."

"Na Jumamosi ukaja kituoni kutuambia shemeji yako alikuwa akigombana na mumewe."

Hapo tu ndipo alipoinamisha kichwa. "Mliniuliza kama walikuwa wanagombana."

"Ulikuja mwenyewe. Hatukukuita."

Inspekta alimpa dakika ishirini za kumlisha mama yake na kumwita jirani. Koplo alisimama mlangoni kama utaratibu unavyotaka. Walipotoka naye, sauti ya ndani iliuliza kama mkubwa amekuja, na jirani akajibu kwamba yuko njiani.

*

Saa kumi kasorobo mjane alisimama kaunta akisaini kupokea vitu vyake: saa ya mkononi, sandali, risiti ya kufulia. Inspekta alimweleza yote akiwa amesimama upande wa pili, kwa mpangilio, bila kuongeza wala kupunguza. Mkuu wa kituo alikuwa ameshapata hati yake, yenye jina tofauti na alilolitarajia, na hakuwa na furaha nayo.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi anasemaje? Kama vali ingekuwa wazi?"

Inspekta alikuwa amemuuliza Spana swali hilo hilo kwa simu, na alikuwa ametamani asiulizwe. "Injini isingezima. Kama angemwokoa, hilo hakuna anayeweza kulijua."

"Niliifunga mimi," mjane alisema. "Siku tuliyofika, injini ilipozimwa. Nilifunga, nikatundika ufunguo. Sikuwahi kuacha wazi hata siku moja."

"Ulifanya inavyotakiwa."

"Najua nilifanya inavyotakiwa."

Alivaa saa yake, akalinganisha na ya ukutani. Koplo alichukua funguo za gari na kuuliza kwa upole, "Nikupeleke gatini, mama?"

"Mama mkwe yuko na nani?"

"Jirani. Mpaka jioni."

"Jirani anajua kumgeuza?"

Koplo alimwangalia Inspekta. Inspekta alikifunga kijitabu chake.

"Basi nipeleke huko," mjane alisema, akiinamia sandali. "Akilalia upande mmoja zaidi ya saa mbili, ngozi inaanza kuchubuka."